Kidonda cha Kulalia Kinapotokea Puani

Kila muuguzi, tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, hufundishwa kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya masaa mawili. Tunamkagua mgongoni, kwenye nyonga, viwiko na visigino. Tunanyoosha shuka isiwe na mikunjo, tunamkausha jasho, tunampaka mafuta, kisha tunaandika kwenye chati amegeuzwa saa ngapi na amelalia upande gani. Mgonjwa wa kiharusi akipata kidonda cha kulalia akiwa mikononi mwetu tunaona aibu, na matroni hanyamazi.

Sasa mwangalie muuguzi huyo huyo akitoka katika wodi ya kifua kikuu sugu mwisho wa zamu. Barakoa ya N95 imembana tangu asubuhi. Juu ya pua pana mstari uliobonyea, mashavuni pana alama kama za kamba, na kidevu kimejaa vipele. Anajipangusa kwa kiganja, anataniana na wenzake, anapanda daladala. Kesho anarudi na kuibandika barakoa palepale. Hakuna chati ya pua yake, wala hakuna aliyemwuliza.

Mpendwa msomaji, ngozi iliyo juu ya mfupa wa pua haina tofauti kubwa na ile iliyo juu ya mfupa wa kisigino. Zote hazina nyama ya kutosha chini yake ya kupunguza mgandamizo. Alama ile ya puani ni mwanzo wa kidonda cha aina ile ile tunayoipigania isimpate mgonjwa, ila huyu wa sasa yuko wima na anatembea. Sisi tulio wauguzi, na ambao mwisho wa juma hujitolea katika huduma za afya za kanisa, tumeona jambo hili linachukuliwa kimzaha mno. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tulizungumze.

NGOZI HUUMIAJE?

Fikiria umevaa viatu vipya vinavyobana, bila soksi, siku ya mvua, na una safari ndefu. Mambo matatu yatakuumiza. Kwanza kiatu kinabana, damu haipiti vizuri kwenye mishipa midogo ya ngozi. Pili miguu imelowa, na ngozi iliyolowa hulainika kama ya vidole vya mama aliyefua tangu alfajiri. Tatu kila hatua kiatu kinasugua. Ngozi iliyolainika na kukosa damu haiwezi kustahimili kusuguliwa, inachubuka.

Ndivyo ilivyo chini ya barakoa. Ili ifanye kazi yake, barakoa ya N95 lazima iushike uso pande zote, hewa isipite pembeni. Inachuja walau asilimia 95 ya chembe ndogo sana za hewani, lakini uwezo huo haukusaidii ikiwa imelegea. Kwa hiyo kubana hakuepukiki. Ongeza pumzi ya moto yenye mvuke, ongeza jasho la wodi isiyo na feni huko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, na ongeza mdomo unaojongea kila unapozungumza na mgonjwa.

Miwani ya kinga nayo huja na mkanda wake, na mara nyingi ukingo wake hukaa juu kabisa ya ukingo wa barakoa, hivyo pua moja hubeba mizigo miwili.

Kwetu Waafrika kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa ng'ambo hulipita haraka. Vinasema uangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na kwa sababu hiyo mtu hudhani hajaumia. Basi tumia vidole na uvilinganishe na upande ambao haukubanwa. Ukisikia pana joto kuliko kwingine, pamekuwa pagumu au pamelainika kama tunda lililoiva sana, panauma ukipagusa, au pana weusi wa zambarau usioondoka baada ya barakoa kuvuliwa, ngozi imeshaumia hata kama haijachanika.

ALAMA ZILIZOSIFIWA

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, picha za wauguzi wa China na Italia wakiwa na nyuso zilizopondeka zilikuwa zimeanza kuzunguka kila mahali. Watu waliwahurumia na kuwasifu. Wapo waliosema alama hizo ni nishani za ushujaa.

Sisi hatukupendezwa sana na sifa hiyo. Askari anayerudi vitani na kofia ya chuma iliyotoboka hasifiwi kwa tundu. Anapewa kofia nyingine. Mtu akishaambiwa kidonda chake ni nishani ataona haya kuomba kipumziko.

Na waliopata madhara hawakuwa wachache. Huko Hubei nchini China, mwanzoni mwa mwaka 2020, wahudumu 542 waliulizwa kuhusu ngozi zao. Waliosema imeathirika walikuwa 526, na mahali palipotajwa zaidi ni juu ya pua. Uchunguzi mwingine nchini humo, uliohusu wahudumu 4,308 wa hospitali 161, ulionyesha kuwa waliotoka jasho jingi na waliovaa vifaa kwa zaidi ya masaa 4 mfululizo ndio walioumia zaidi. Wala jambo hili halikuanza na UVIKO-19. Wakati wa ugonjwa wa SARS mwaka 2003 huko Singapore, kati ya wahudumu waliosema ngozi zao ziliathirika kwa kuvaa N95, karibu sita katika kila kumi walipata chunusi, na nusu yao walilalamika muwasho wa uso.

Labda utauliza: chunusi na michubuko ni kitu gani mbele ya ugonjwa unaoua? Swali ni zuri. Jibu ni kwamba ngozi inayouma humfanya mtu aharibu kinga yake mwenyewe. Pua ikiwasha, mkono hupanda bila mwenye mkono kujua. Kidonda kikichoma, mtu huishusha barakoa kidogo, au huilegeza mikanda, au huvaa nyepesi ya kitambaa akisema, "Nitaingia mara moja tu." Kifua kikuu hakihitaji zaidi ya hiyo mara moja.

Tena yapo magonjwa ambayo ngozi iliyochanika ni mlango wazi kwake. Virusi vya Ebola na Marburg huingia kupitia macho, pua, mdomo na ngozi iliyochubuka. Mwezi Machi 2023 Marburg ilitokea mkoani Kagera. Watu 9 walihesabiwa kuugua na 6 wakafa, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Ugonjwa huo ulirudi tena mkoani humo, huko Biharamulo, Januari 2025. Muuguzi mwenye kidonda kibichi puani hapaswi kuingia kwa mgonjwa wa namna hiyo, hata awe hodari namna gani.

Wauguzi wengi wa Afrika Mashariki wanalijua jina la Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda. Ndiye aliyeitambua Ebola pale mwaka 2000 na kuongoza mapambano hadi alipofariki kwa ugonjwa huo tarehe 5 Desemba mwaka ule ule. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja aliitwa kwa haraka kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akitokwa damu, akavaa barakoa, gauni na glavu, lakini miwani ya kinga hakuivaa. Hatusemi kwamba aliiacha kwa sababu ya vidonda. Hakuna aliyesema hivyo. Tunamtaja kwa sababu kisa chake kinaonyesha jinsi kifaa kimoja kisichokuwepo usoni kinavyoweza kugharimu, na kwa hiyo haitoshi kuwaambia watu wavae. Ni lazima vivalike.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Matayarisho huanza nyumbani. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Ile ya kufulia tuiache ifue. Usisugue kwa dodoki wala kwa taulo gumu. Jikaushe kwa kugusagusa, kisha jipake losheni nyepesi isiyo na manukato, au glisirini iliyochanganywa na maji. Fanya hivyo walau nusu saa kabla ya kuvaa barakoa, ili ngozi iwe imekwisha kunywa mafuta.

Hapa pana kosa ambalo akina dada wengi hulifanya kwa nia njema: kujipaka mafuta ya mgando puani na mashavuni dakika ile ile ya kuvaa. Mafuta ya mgando ni mazuri, lakini wakati wake ni usiku, ukiwa nyumbani. Chini ya barakoa huifanya iteleze, hewa ikapita pembeni, nawe ukaingia wodini ukiwa na kinga ya jina tu. Tena mafuta ya namna hiyo huharibu mpira wa glavu. Poda na vipodozi vya uso navyo viache mpaka zamu iishe; huziba vinyweleo na kuleta vipele.

Nywele nazo zina neno. Rasta nene zilizofungwa fundo kubwa kisogoni huusukuma mkanda wa juu wa barakoa, unapanda na kuchomoka. Mwenye barakoa huvuta mikanda ikaze zaidi, na pua ndiyo inayolipa. Siku za wodi hizo fundo liwe chini au nywele zisukwe kwa kulala. Anayevaa hijabu aanze na mikanda, kisha ushungi uje juu yake, usikatize kati ya barakoa na ngozi.

KUVAA KUNAKOSTAHILI

Wengi hudhani kadiri unavyobana ndivyo unavyokingika. Sivyo. Barakoa inayotosha haihitaji kubanwa kupita kiasi. Inayohitaji kuvutwa mpaka machozi yatoke si saizi yako. Barakoa hutengenezwa kwa saizi na maumbo tofauti, na nyuso zetu hazifanani. Inapowezekana, hospitali inunue zaidi ya aina moja na kila mhudumu apimwe ajue yake. Tunajua stoo nyingi huleta katoni za aina moja zikagawiwa kwa wote, mwembamba na mnene. Hilo ni la kuzungumza na msimamizi wa kitengo na kamati ya kuzuia maambukizi, tena kwa maandishi.

Kile kipande cha chuma cha puani kiumbe kwa vidole vya mikono yote miwili, ukianzia katikati na kushuka taratibu pande zote. Ukikifinya kwa mkono mmoja hutokea kona kali ambayo hukata ngozi hapo juu na bado ikaacha tundu pembeni. Kisha jaribu: funika barakoa kwa viganja vyote viwili na upumue nje. Ukisikia upepo machoni au mashavuni, rekebisha. Mkanda wa juu ukae kisogoni juu, wa chini shingoni, visipishane.

Je, ni vizuri kubandika kitu puani chini ya barakoa? Zipo bandeji nyembamba za silikoni na zile laini za kufunikia vidonda, ambazo hupunguza mgandamizo. Zinasaidia, lakini kwa masharti. Iwe nyembamba na moja tu, bila mikunjo. Ukishaibandika lazima urudie lile jaribio la kupumua, na barakoa ikivuja, bandeji itoke. Pamba, karatasi ya chooni na plasta ngumu ya kawaida hatuzishauri hata kidogo. Pamba hunywa jasho na kuacha nafasi, na plasta ikibanduliwa huondoka na ngozi. Bandeji za silikoni ni ghali na mara nyingi hazipo, na kwa bahati njema si hizo zinazookoa pua.

KINACHOOKOA PUA

Kinachookoa ni kuvua. Mgonjwa tunamgeuza kila baada ya masaa mawili, basi na uso wa muuguzi upewe haki hiyo. Miongozo iliyotolewa Uingereza mwaka 2020 ilipendekeza muda huo huo: kila masaa mawili mhudumu atoke eneo la wagonjwa, avue kwa utaratibu, anawe mikono, aukaushe uso, apumzike. Hata dakika 15 zinatosha damu kurudi katika ngozi. Hiyo ndiyo nafasi ya kunywa maji pia. Wauguzi wengi hawanywi kitu zamu nzima wakiogopa kuvua vifaa ili waende msalani. Midomo inapasuka, kichwa kinauma, ngozi inakauka.

Tunawasikia wasomaji wetu walio kazini wakiguna. Wodi ina wagonjwa thelathini na muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Atapokelewa na nani? Ni kweli. Lakini tukumbuke kwamba wanaovaa vazi zima la Ebola hupangiwa muda, mara nyingi kiasi cha saa moja tu, kisha hutolewa nje kwa sababu ya joto. Hakuna anayewaita wavivu. Katika wodi ya kifua kikuu sugu pia kazi inaweza kupangwa: dawa, vipimo na usafi vifanyike kwa mkupuo mmoja, kisha muuguzi atoke akaandike faili zake nje penye hewa, bila barakoa ya kubana. Mara nyingi tunakaa nayo usoni hata tunapofanya kazi ya karatasi kwenye chumba kisicho na mgonjwa. Hapo si uhaba wa watu, ni mazoea, na matroni mwenye kujali anaweza kuyabadili kwa siku moja.

Neno moja la haraka kuhusu klorini: ile tunayofutia meza na sakafu si ya uso. Wapo wanaojipangusia wakidhani wanaua vijidudu. Inachoma ngozi ambayo tayari imechoka.

NGOZI IKISHACHANIKA

Safisha kwa maji safi au maji ya chumvi ya hospitali, funika, na umweleze msimamizi wako siku hiyo hiyo ili iandikwe. Omba upangiwe mahali ambapo huhitaji barakoa ya kubana mpaka pakauke. Kwa mchubuko mdogo mara nyingi ni siku chache. Ukiona usaha, uvimbe unaopanda kuelekea macho, homa, au vipele vyenye maji vinavyofuata umbo la barakoa, nenda kwa daktari. Vipele hivyo huenda vikawa ni mzio wa kitu kilichotengenezea barakoa au mikanda yake, na dawa yake ya kwanza ni kubadilisha aina.

Sasa tuseme lile ambalo huzungumzwa chinichini. Michubuko ikipona, ngozi nyeusi huacha doa jeusi zaidi. Dada anajitazama kwenye kioo, anaona mstari puani na mashavuni, na dukani kuna kikopo kinachoahidi kuufuta. Mpendwa dada, usikinunue. Krimu za kujichubua, na ule mkorogo unaochanganywa mitaani, mara nyingi zina haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za steroidi. Hupunguza unene wa ngozi. Ngozi iliyokwisha kukondeshwa hivyo ikivikwa N95 huchanika kwa muda mfupi, na safari hii haiponi upesi. Anayezitumia tayari asione haya kumweleza daktari wa ngozi. Zile za steroidi hazifai kuachwa ghafla bila ushauri. Doa la barakoa hufifia lenyewe kwa wiki kadhaa au miezi, mradi chanzo kiondolewe na uso ukingwe na jua. Wenzetu wenye ualbino wajikinge na jua kwa uangalifu zaidi, na wapake mafuta yao ya jua mapema kama tulivyosema, yakauke kabla ya barakoa.

Kuna dada mmoja muuguzi ambaye akina mama wa jumuiya yake walimvuta pembeni baada ya ibada wakamwuliza kwa upole kama mumewe anampiga. Mume alikuwa amesimama palepale nje akimsubiri, hana habari. Tulicheka tuliposimuliwa, lakini akina mama wale walifanya lililo jema. Waliona na wakauliza. Mume naye, au mama mkwe, au binti mkubwa wa nyumba, anaweza kufanya vivyo hivyo. Mwuguzi akirudi, mpe maji ya uvuguvugu anawe, mwache alale, na ukague pua yake kama anavyokagua visigino vya wagonjwa. Yeye mwenyewe haioni.

KILEMBA CHA VIFUNGO

Vikundi vya akina mama vinavyotaka kusaidia vina kazi moja rahisi. Barakoa za kawaida, zile za kuning'inia masikioni, huchuna ngozi nyuma ya sikio kwa wanaozivaa kutwa. Mwaka 2020 akina mama wa nchi nyingi walishona vilemba vyembamba vyenye vifungo ili mipira ishike kwenye vifungo badala ya masikio.

Chukua kitambaa cha pamba kinachofulika, kipande cha khanga kinafaa, upana sentimita 20 na urefu wa kuzunguka kichwa upungue kidogo. Kikunje mara mbili kwa upana, ushone, na kwenye ncha zitakazokutana kisogoni tia lastiki ya sentimita 10. Mvalishe mwenyewe, kisha tia alama juu na nyuma kidogo ya kila sikio, hapo ndipo penye kifungo. Kifungo kiwe kikubwa, kama cha koti, na kishonwe kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Kila muuguzi apate vitatu au zaidi, maana hufuliwa kwa sabuni na maji moto baada ya kila zamu na kupigwa pasi. Kilemba hiki si cha N95 yenye mikanda ya kisogoni. Hiyo ivaliwe kama ilivyotengenezwa.